Nimerudi Katuba, na zamu ya kusoma ni yangu

Nimerudi Lubumbashi mwezi wa kumi, jakaranda zimechanua na vumbi jekundu linangoja mvua. Majirani wa mtaa wetu wa Katuba waliokuja kunisalimu waliuliza habari za Ubelgiji, mshahara, nyumba, ndoa. Sikuona vibaya, maana anayekuuliza hivyo alikuwa anakukumbuka. Ila swali lililonikaa moyoni ni la Mama: "Kule ulikuwa unakula na nani?"

Kule Liège nilitunza wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Kazi ile niliipenda na naiheshimu hadi leo. Mshahara ulifika kwa wakati, maktaba ilikuwa karibu, na nilisoma sana: kwenye treni, jikoni, kitandani. Lakini ukimaliza kitabu kizuri usiku wa manane na huna wa kumsimulia, utamu wake unabaki nusu.

Maana mimi nimelelewa katika nyumba ya kusomeana. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, na jioni alimsomea Mama Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi lililoanza mwaka 1957, enzi za Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines. Mama hakupelekwa shule. Anatwanga sombe, majani ya muhogo, Baba anasoma, mara Mama anasimamisha mchi: "Rudilia pale!" Baba anarudilia. Wanabishana juu ya habari ya Likasi au Kolwezi mpaka bukari, ugali wetu, inaiva. Sikuwahi kuwasikia wakiambiana maneno matamu. Nilichoona ni mwanamume ametoka kazini, mikono imeungua cheche, na bado ana sauti ya kumsomea mkewe. Kwangu hayo ndiyo mapenzi, na mtu akiniambia ananipenda, namtazama kwa hayo.

Sasa macho ya Baba yamefifia, herufi hazioni tena. Mikono lakini bado inajua. Anatengeneza mbabula, majiko ya makaa, kwa bati la mapipa: anapapasa ukingo kwa kidole gumba, anagonga, anapapasa tena, kisha anatoboa matundu ya hewa kwa msumari, safu kwa safu, bila kupima, na matundu yananyooka. Ndugu zangu wanataka apumzike. Mimi nasema aachwe. Siku aliyouza mbabula hata moja, anakula vizuri na usiku anasimulia mpaka tunachoka sisi.

Kwa hiyo kusoma kumekuwa zamu yangu. Magazeti ya zamani yako chini ya kitanda, yamefungwa kwa waya wa shaba. Nafungua, nasoma, Mama anauliza, Baba anamjibu kabla yangu. Ninachopata kwa kufundisha watoto wa mtaa wetu jioni ni kidogo kuliko cha Liège, na sitasema umaskini ni mzuri, kwa kuwa mwenye njaa hasikilizi hadithi. Lakini furaha niliyo nayo saa ile ya magazeti sikuwahi kuinunua popote. Na wiki iliyopita Mama ameniomba daftari. Anataka kusoma mwenyewe.

Kuna toleo moja Baba analikumbuka, la miaka ya sabini, lenye picha ya karakana yao. Kwenye rundo letu halimo. Kama mzee wenu huko Kipushi, Likasi au Kolwezi alitunza Mwana Shaba za miaka hiyo, niambieni. Nitakuja kumsomea palepale kwenu, na mbabula nitabeba.