Ufunguo wangu hauna kosa

Bado linanikera. Nimeswali isha, nimekula, nimemsikiliza mdogo wangu akisimulia upya mambo ya posa (ndiyo, wamekubali, mahari imeshapangwa, nitawaandikia siku nyingine), na sentensi ile ya Jumanne bado inanizunguka kichwani: "Dada, tengeneza ufunguo mpya tu. Huo wako utakuwa umeshakufa." Ufunguo wenyewe ni wa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali: faili ya siri kwenye kompyuta yangu inayonitambulisha kwa seva.

Aliyesema ni yule kaka wa mtandao hapo ofisini. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, hakusogea hata hatua moja kuja kuitazama skrini. Na binti wetu wa fildi alikuwa amekaa pembeni yangu, daftari mapajani, anasikiliza yote.

Wenye kufanya kazi hizi mtanielewa. Wikiendi walifunga vifaa vipya vya mtandao kwenye ghorofa yetu. Jumatatu barua pepe zinafunguka, tovuti zinafunguka, WhatsApp ya kwenye kompyuta inapiga kelele kama kawaida. Ila nikiiambia Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, isukume kazi yangu kwenda kwenye repo yetu (ghala la msimbo) kule GitHub, tovuti inayohifadhi maghala hayo, kimya. Kishale kinapepesa, kinapepesa, mpaka unasahau ulikuwa unangoja nini, kisha unatoka mstari mmoja:

ssh: connect to host github.com port 22: Connection timed out

Poti ni kama mlango wenye namba kwenye seva, na 22 ndio mlango wa kawaida wa SSH. Nikamjibu yule kaka kwa adabu tu. "Kaka, ufunguo haujaulizwa bado. Hatujafika huko."

Akacheka. "Ninyi watu wa programu kila kitu mnasingizia mtandao. Mbona mimi GitHub inanifungukia pale mezani kwangu?" Akaondoka na chai yake.

Hilo swali lake lina jibu, na ni jibu fupi. Tangu Jumanne nimelitoa mara nyingi mno: nikiwa kwenye mwendokasi, nikiosha vyombo, nikimkosha mtoto. Ujumbe ule wa kwenye skrini si kelele za mashine, unakwambia safari imeishia wapi. "Timed out" ni hodi isiyojibiwa. "Connection refused" ni mtu kaitika kutoka ndani kwamba mlango huu hautumiki. "Permission denied" ni mlango umefunguliwa, umetazamwa usoni, ukaambiwa hatukujui. Ni hapo tu, kwenye hilo la tatu, ndipo ufunguo unaingia kwenye mazungumzo. Mimi nilikuwa kwenye la kwanza.

Na nilishahakikisha kabla hata sijamwita. Niliwasha hotspoti ya simu, nikachoma bando langu mwenyewe, kompyuta ile ile, ufunguo ule ule, kazi ikapanda papo hapo. Nikarudi kwenye mtandao wa ofisi, nikaandika ssh -vT git@github.com ili inisimulie kila hatua inayopiga. Ikafika kwenye mstari wa kuunganisha na poti 22, ikaganda. Chini yake hakuna kitu. Kama shida ingekuwa ufunguo, ningeiona mistari ya kuukabidhi na kukataliwa. Haikuwepo.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna aliyeambiwa atengeneze ufunguo mpya, maana intaneti ilimsumbua kila mtu na kila mtu aliona. Safari hii kilichokufa ni kitu kimoja tu kinachotumiwa na watu wachache, basi ikawa rahisi kusema kosa ni la mwenye kulalamika.

Kinachoniuma zaidi ni ushauri wenyewe. Ufunguo ule ndio unaonifungulia na seva za wateja. Ningeufuta kwa kumsikiliza yeye, poti 22 ingebaki imezibwa vile vile, na juu yake ningekuwa nimejifungia nje ya kazi nyingine zote. Dawa ya kubahatisha huwa inaacha jeraha. Mnakumbuka tarehe 24 Machi 2023, GitHub walipobadilisha ufunguo wa RSA wa seva zao (ule wanaojitambulisha nao wao kwetu) kwa sababu wa zamani ulionekana hadharani kwa muda mfupi? Watu walikutana na onyo kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika, na hapo ni rahisi kuufuta mstari wa zamani uliohifadhiwa kwenye kompyuta na kujibu "yes" bila kulinganisha chochote. Siku ambayo onyo hilo litakuwa la mwizi kweli, mkono utajibu "yes" kwa mazoea.

Jumatano bosi alitangaza anaacha kazi mwisho wa mwezi. Mchana wa siku hiyo hiyo, wengine wakiwa kwenye kikao cha kunong'ona jikoni, nilimvuta binti wa fildi kwenye kiti changu.

GitHub wanapokea SSH pia kwenye poti 443, ile ile inayopitisha tovuti salama, na ofisi haiwezi kuizima bila kuzima karibu tovuti zote. Nikamwambia aandike ssh -T -p 443 git@ssh.github.com. Ikajibu mara moja, ikauliza kama anaiamini seva hii. Kidole chake kikaenda kwenye y, kikasimama.

"Dada, nitajuaje kama ni wao?"

Jamani. Sikumfundisha hilo. Akafungua ukurasa wa GitHub wenye alama za vidole za seva zao (mfuatano wa herufi unaotambulisha ufunguo wa seva), kwenye simu yake, kwa bando lake, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye skrini: jumlisha, D kubwa, i ndogo, Y kubwa, tatu, w, v, v... mpaka mwisho, herufi kwa herufi. Ndipo akaandika yes. Salamu ya GitHub ikatokea na jina langu ndani yake, akapiga kofi moja kwa furaha. Kisha akaandika mwenyewe kwenye faili ya config iliyo ndani ya .ssh:

Host github.com
Hostname ssh.github.com
Port 443
User git

Yaani kila tukiita github.com, SSH ipite ssh.github.com kwenye poti 443. Tukasukuma, ikapanda. Akakaa kidogo anafikiri. "Kwa hiyo yule kaka, GitHub ilimfungukia kwa sababu kivinjari chake kinapita 443?"

Nilitaka kumkumbatia. Jibu langu lote, lile la kwenye mwendokasi, kalitoa yeye kwa sentensi moja na bila hasira yoyote. Nilirudi nyumbani mwepesi, mdogo wangu akadhani ni furaha ya posa yake, nami nikaiacha iwe hivyo.

Maombi ya kufunguliwa poti 22 nimeyaandika, na matokeo ya majaribio nimeyaambatanisha. Hayajajibiwa. Bosi akishaondoka sijui atayasoma nani, lakini kazi zinapanda.

Leo jioni nimempigia Mama, Tanga. Anakohoa. Anasema ni vumbi, alikuwa anafagia uani, na akageuza maneno haraka akaniuliza habari za mahari. Nikamuuliza kama kliniki ya presha alikwenda, akasema mtandao unakata. Mtandao haukuwa unakata, nilikuwa namsikia vizuri kabisa. Nimempigia Mama Mdogo aende kumwangalia, simu inaita tu. Kesho alfajiri nitampigia tena kabla hajatoka kwenda sokoni.