Kabla hujanunua mche wa lantana

Mdogo wangu anajenga Muheza, na juzi kanitumia picha ya miche inayouzwa kando ya barabara: lantana, yenye maua ya njano na waridi. Anataka iwe ua wa nyumba yake. Nimemwambia asinunue.

Uzuri wake siubishi. Kiua huchanua njano kisha kikageuka waridi au chekundu, ndiyo maana shada moja lina rangi mbili tatu. Jua hauogopi, maji hauombi. Ninachokiogopa mimi ni tunda. Likiiva huwa jeusi, ndege hulila na kuangusha mbegu mbali na geti lako, kwenye shamba la mwenzio, ukingo wa mto, pembezoni mwa msitu. Ukiukata, kisiki kinachipua upya. Ng'ombe akila majani yake ini huharibika, na ngozi ya puani na masikioni huungua kwa jua hadi ikababuka.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ulisambazwa duniani kwa ajili ya urembo. Kule Busoga, Uganda, uliota kwenye mashamba ya pamba na kahawa yaliyoachwa, vichaka vikawapa kivuli mbung'o, inzi waenezao ugonjwa wa malale, na malale yaliyolipuka mwaka 1976 yakapata pa kujificha. Afrika Kusini wamepiga marufuku kuuuza.

Sasa fikiria Muheza, chini ya misitu ya Amani! Misitu ile ya Usambara Mashariki ina mimea isiyoota kwingine popote duniani. Tayari kichaka kingine cha Amerika, Clidemia hirta, kimeingia humo, nacho huenezwa na ndege. Tusiuongezee msitu ule mzigo kutoka kwenye nyua zetu.

Sisemi kila ua la kigeni ni adui. Bogenvilia ya jirani yangu imekaa palepale ilipopandwa miaka yote. Lakini muuza miche akikusifia maua, muulize: tunda lake analila nani?

Mdogo wangu nimemshauri apande mhina, unaokubali kupogolewa na majani yake yana kazi. Mwenye lantana tayari aing'oe na mizizi yake udongo ukiwa umelowa, kabla matunda hayajawa meusi, na matawi yenye matunda asiyatupe korongoni.