Siku moja na uzi mwekundu wa Erythrotrichia carnea

Saa 11 alfajiri. Maji ya bamvua yametoka, muda ni mfupi. Uzi wenyewe, mwani mwekundu mdogo sana, siutafuti: una urefu wa milimita chache, na unene wake ni kama mikromita 20 tu. Natafuta mwenyeji wake, yaani nyasi bahari au mwani mkubwa kwenye vidimbwi. Jani la nyasi bahari hukua kutoka shinani, hivyo ncha ndiyo kongwe, na epifiti, yaani viumbe vinavyoota juu ya mimea mingine, hujaa huko. Nakata sentimita 10 za ncha, kila kipande na mfuko wake wenye maji ya bahari. Anayechuma majani machanga ya kupendeza atarudi na majani ya kupendeza, basi.

Saa 3 asubuhi. Kusuuza, kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Ya bomba hapana! Maji matamu huvimbisha seli hadi zipasuke, na fikoerithrini, ile rangi nyekundu inayoyeyuka majini, huvuja. Uzi ukipauka, mtu huandika "mwani wa kijani".

Saa 4. Nakwangua ukingo wa jani kwa wembe. Kuvuta kwa kibano ni kosa: uzi hukatika na kitako hubaki kwenye jani, nacho ndicho kitambulisho. Kwa ukuzaji wa mara 400 naona safu moja ya seli, haina matawi, na chini seli moja iliyotanda kama kiganja. Imeshikilia tu, hainyonyi chochote. Uzi hujitengenezea chakula. Kila seli ina kloroplasti moja ya umbo la nyota, na pirenoidi (chembe ya protini) katikati. Taa ikipasha moto kioo, nyota hugeuka donge, kwa hiyo natazama haraka.

Saa 6 mchana. Wafananao. Stylonema alsidii, mwani mwekundu mwingine, hutoa matawi, na seli zake zimeachana ndani ya ute. Bangia, nayo mwani mwekundu, hushikilia kwa vizizi vya seli kadhaa za chini, na ikikomaa hunenepa kuwa safu nyingi.

Saa 8. Ukuta wa mshazari, uliopinda, umekata kipande cha seli: monospora, yaani spora ya kuota uzi mpya, inaandaliwa. Haina mkia wa kuogelea, kama spora zote za mwani mwekundu, hivyo naweka kioo chembamba chini ya jani ndani ya bakuli. Zinazodondoka zitaota hapo, kitako kizima.

Saa 10 jioni. Nusu ya sampuli kwenye formalini ya asilimia 4 iliyochanganywa na maji ya bahari, gizani. Nusu kwenye silika jeli, chembe za kukaushia, kwa sababu formalini huharibu DNA. Lebo: aina ya mwenyeji, kina, umbali kutoka nchani.