AS kwa AS: hesabu ya sikoseli ambayo hata tiba ya jeni haiifuti

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya sikoseli, hutakosa kusikia mzazi akijifariji: tumeshapata mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima. Amesikia kwamba uwezekano ni mmoja kwa nne, akaelewa kama zamu. Si zamu.

Tuanze na chanzo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta-globini, inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu. Nakala hizo ziko kwenye kromosomu ya 11, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida huitwa A, iliyobadilika huitwa S. Kwenye nakala ya S imebadilika herufi moja tu ya DNA, adenini (A) ikawa timini (T), na kwa sababu hiyo asidi-amino ya sita kwenye mnyororo inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Hemoglobini ya namna hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu inapinda kama mundu. Ndiyo maana wengine huuita ugonjwa huu selimundu.

Mwenye A mbili ni AA, mwenye moja moja ni AS, na mwenye S mbili ni SS, ndiye mgonjwa. Wazazi wakiwa AS wote wawili, nusu ya mayai ya mama yana S na nusu ya mbegu za baba zina S. Nusu mara nusu ni robo: ndiyo uwezekano wa mtoto SS, na robo hiyo ni ya kila mimba. Tumbo la uzazi halitunzi daftari la nani amekwisha kuzaliwa. Kwa familia ya watoto wanne, chukua 3/4, uwezekano wa mtoto asiye SS, upige 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4: unapata 81/256, yaani karibu asilimia 32 ya familia kama hizo hazitapata mtoto SS hata mmoja, na asilimia 68 zitapata mmoja au zaidi. Kwa hiyo jirani ambao ni AS wote na wana watoto wanne wazima si ushahidi wa chochote. AS akizaa na SS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu. AA akizaa na SS, watoto wote ni AS na hakuna mgonjwa.

Baba anayesema "kwetu ugonjwa huu haupo" huenda anasema kweli, ila haimsaidii. Kwa kawaida AS haumwi, na S hupita kimya babu hadi mjukuu. Mtoto SS amechukua S moja kila upande, kwa hiyo kumtupia mama lawama ni kukosa hesabu. Zaidi ya hapo, S katika nakala moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954, baada ya kuona nchini Kenya kwamba S ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na chache nyanda za juu.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Kile cha haraka ni cha kioo: tone la damu, tone la sodiamu metabisalfaiti ya asilimia 2, funika kwa kioo chembamba, ziba kingo kwa vaselini, kisha tafuta kwa hadubini chembe zilizopinda, na kama hazipo angalia tena kioo hichohicho hadi saa 24. Dawa hiyo itengenezwe siku hiyohiyo, kwani ikikaa hupoteza nguvu ya kuondoa oksijeni. Kingo zikivuja, hewa inaingia na chembe hazipindi, jibu linatoka hasi la uongo. Na hata kikifanywa vizuri, kipimo hiki hakitofautishi AS na SS. Kinasema S ipo, basi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kukosea, kwani damu yake bado imejaa hemoglobini F ya kichanga.

Jibu la kuaminika hutoka kwenye elektroforesisi, yaani kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, au kwenye mashine inayozitenganisha na kutoa asilimia. Kwenye pH (kipimo cha uasidi) 8.6, A hutangulia, S inafuata, halafu A2 na C, aina nyingine za hemoglobini, pamoja nyuma. Tatizo ni kwamba D, aina nyingine tena, hukaa palepale pa S, kwa hiyo maabara makini hurudia kwenye pH 6.2. Mtu AS huwa na A nyingi kuliko S. S yake huwa kama asilimia 35 hadi 40. Ukikuta S imeizidi A kwa mtu ambaye hajaongezewa damu, usiandike AS: huyo huenda ana S upande mmoja na, upande wa pili, thalasemia ya beta, yaani nakala inayotengeneza beta-globini kidogo mno au isiyotengeneza kabisa, na ni mgonjwa. Ndivyo pia mzazi mmoja "asiye na S" anavyoweza kupata mtoto mwenye sikoseli. Aliyeongezewa damu asubiri miezi 3 hadi 4, maana chembe za mchangiaji huishi kama siku 120.

Tiba ya jeni iliidhinishwa Marekani tarehe 8 Desemba 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Zipo mbili. Casgevy hukata kwa CRISPR, mkasi wa jeni, kitufe cha BCL11A, jeni inayozima F, kwenye seli mama za damu, na F inarudi kuzalishwa. Lyfgenia huingiza kwa kirusi kilichodhoofishwa jeni mpya ya beta-globini. Seli huvunwa mgonjwa akiwa amepewa plerixafor, dawa inayozitoa kwenye uboho ziingie kwenye damu, hupelekwa kiwandani kwa miezi kadhaa, kisha uboho wake husafishwa kwa busulfani, dawa kali inayoua seli za uboho, kabla ya kurudishiwa. Busulfani inaweza kuua uzazi. Bei iliyotangazwa zilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa Casgevy na 3.1 kwa Lyfgenia. Kwa wengi wetu haidroksiyurea, dawa ambayo nayo huongeza F, ndiyo inayofikika.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kilichorekebishwa ni uboho. Mayai na mbegu havikuguswa. Mtu SS aliyetibiwa kwa njia hii, au kwa uboho wa ndugu yake, bado humpa kila mtoto S. Akipewa uboho wa ndugu aliye AA, kipimo cha damu kitasoma AA, na kadi ya vipimo vya ndoa itaandikwa AA. Akioa mtu AS, nusu ya mimba zao ni SS. Kwa hiyo anayepima damu kabla ya ndoa amwulize kwanza mpimwaji: uliwahi kupandikizwa uboho au kupewa tiba ya jeni?