Nilivyoyaona madoa ya Maurer kwa hadubini ya kawaida

Madoa ya Maurer ni nukta zinazojitokeza ndani ya chembe nyekundu ya damu yenye kimelea cha malaria. Nilipotaka kuwaonyesha wanafunzi, niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja: "Mwalimu, bila hadubini ya elektroni usijisumbue." Maneno hayo yaliniudhi. Georg Maurer, daktari wa Kijerumani aliyekuwa Sumatra, aliyaeleza madoa haya mwaka 1902, wakati hadubini ya elektroni haijaundwa. Aliyaonaje?

Nafundisha vijana wa maabara ya tiba, Tanga. Hakuna somo la malaria ninalolipenda kama hili. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, wala haina mtambo wa kutengeneza protini na kuzisafirisha. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, anapoingia humo anakaa ndani ya kifuko, na usafiri wote anajijengea mwenyewe. Madoa ya Maurer ni vituo vya njiani: PfEMP1, protini inayoifanya chembe inate kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo, hupitia hapo kabla ya kutokeza juu ya chembe. Nilitaka vijana wakione kituo hicho kwa macho yao.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa niongeze Giemsa, rangi ya kupakia slaidi za damu, na niiache muda mrefu. Nikafanya hivyo. Slaidi zikatoka nyeusi tititi, nukta kila mahali, na aliyenishauri akaja mbio kunipongeza: "Si hayo hapo!" Nikamwomba azungushe taratibu skrubu ndogo ya kulenga ya hadubini. Nukta zilikuwa zinaelea juu ya chembe, na kwenye nafasi tupu zilijaa vilevile. Uchafu wa rangi ule. Madoa ya kweli yamo ndani ya chembe yenye kimelea peke yake, na yanaonekana wazi pale pale ukingo wa chembe unapokuwa wazi.

Kilichonifungulia mlango ni bafa, yaani maji ya kuchanganyia rangi yanayoshikilia kiwango cha asidi (pH) kisiyumbe. Maabara nyingi zina vidonge vya bafa vya pH 6.8, vizuri kwa kuangalia chembe nyeupe, na watu huvitumia kwa kila kitu. Kwa malaria inatakiwa 7.2. Ikishuka, chembe zinakuwa za waridi na madoa hayatokei. Na maji yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke yakikaa wazi hugeuka asidi, kwa hiyo pima, usiamini lebo. Kopo moja la vidonge linadumu.

Damu ya kidoleni, itandazwe hapo hapo. Iliyolala kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, huharibu sura ya vimelea. Methanoli ya kuigandisha damu kwenye slaidi, kisha Giemsa ya asilimia 3 iliyochanganywa sasa hivi, kama dakika arobaini na tano. Tafuta vimelea vyenye umbo la pete zilizonenepa, pete changa hazina kitu. Kwenye ncha ya utandazo, chini ya lenzi ya 100, nikaziona: nukta chache za zambarau nyekundu, hazilingani, nyingine zimepinda kama koma. Nilifurahi mno, nikawaita vijana wote.

Binti mmoja akauliza protini zinatokaje kwenye kifuko, maana utando hauna tundu. Swali zuri sana. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba nyingi zina alama fupi iitwayo PEXEL. Kimeng'enya plasmepsini V huikata zikiwa bado ndani ya kimelea. Mwaka 2009 ukajulikana mtambo wenyewe, PTEX, uliopo kwenye utando wa kifuko. Sehemu yake moja, HSP101, huikunjua protini na kuipitisha kwenye tundu la sehemu nyingine, EXP2, kama uzi kwenye sindano. Mwaka 2014 watafiti waliuzima mtambo huo, protini zikakwama kwenye kifuko na vimelea vikashindwa kukua. Ndiyo maana wanaotafuta dawa mpya wanaukodolea macho.

Bafa hiyo hiyo ya 7.2 ndiyo itakayokuonyesha nukta za Schüffner kwenye vivax na ovale, aina nyingine za vimelea vya malaria. Zile ni ndogo, nyingi, zimetapakaa chembe nzima, na chembe yenyewe imevimba. Ukiona chache na kubwa kwenye chembe isiyovimba, andika falciparum.