Mafungu ya jaruba moja

Wiki hii mpunga umevunwa upande wa kusini wa kijiji chetu, katika wilaya ya Klaten, Java ya Kati, nchini Indonesia, baina ya miji ya Yogyakarta na Surakarta, ambao pia huitwa Solo. Mimi ni mtoto wa Kyela, nimekua nikiona mpunga ukipandwa, ukipaliliwa na kuvunwa, lakini tangu masomo yaliponileta huku bado sijazoea udogo wa mashamba haya na wingi wa watu wanaopata riziki ndani yake.

Jaruba lililovunwa jana ni la mama mwenye nyumba ninamokaa, mjane ambaye nami namwita Mbah, yaani bibi, kama wanavyomwita wajukuu zake na watoto wote wa jirani. Ukubwa wake ni kama sehemu ya tano ya hekta. Mbah hana tena nguvu za kulima, kwa hiyo shamba linalimwa na jirani kwa mpango wa nusu kwa nusu, ambao hapa huitwa maro: yeye anatoa ardhi, jirani anatoa jasho, gharama za mbegu na mbolea wanaelewana, na mavuno wanagawana sawa. Kabla hata nusu hizo hazijapimwa, wavunaji huwa wamekwisha kuondoka na fungu lao la mpunga, bawon, kwa kadiri ya kile ambacho kila mmoja amekata na kupura.

Mashine ya kupuria iliponyamaza, walifika wanawake watatu na turubai la buluu. Hawakuomba ruhusa, na hakuna aliyetarajia waombe. Walikusanya mabua yaliyokwisha kupurwa, wakayapiga tena juu ya ubao, fungu baada ya fungu, mpaka punje zilizosazwa na mashine zikadondoka, kisha wakazipepeta kwa ungo wa mianzi, wakipuliza vumbi kwa midomo pale upepo ulipokataa. Mmoja wao alipata kiasi cha nusu ndoo. Jioni akaja mzee mmoja na mundu kukata majani ya tutani kwa ajili ya ng'ombe wake, na leo asubuhi mchungaji wa bata amewaingiza bata wake kwenye maji ili wale konokono na punje zilizozama. Nilipohesabu kaya zilizonufaika na jaruba lile, niliona kwamba hati ya Mbah, yenye jina moja tu, haisemi hata nusu ya habari za shamba hilo.

Ndiyo sababu nimeanza kuyaona mambo ya mali katika kijiji hiki kwa namna nyingine. Kisiwa cha Java kina watu zaidi ya milioni 150 kwenye eneo lisilofika sehemu ya saba ya Tanzania, na sheria ya mwaka 1960 iliyotamani kila familia ya wakulima iwe na angalau hekta 2 imebaki kuwa matamanio, kwa maana wengi wa wakulima hapa hawana hata nusu hekta. Kila kizazi kinagawanya. Waislamu wa Klaten wanaijua vizuri mirathi ya mafungu mawili kwa mwanamume na moja kwa mwanamke, na Wajava wana msemo wao kuhusu hilo, kwamba mwanamume hubeba mizigo miwili kwenye ncha za mti wa mabegani na mwanamke hubeba mmoja mgongoni. Hata hivyo, familia nyingi hukaa chini zikagawana sawa kwa maelewano, wakati mwingine mzazi angali hai, na mkusanyo wa sheria za Kiislamu uliotolewa mwaka 1991 unawaruhusu warithi kupatana hivyo, ilimradi kila mmoja awe ameshajua fungu lake. Nyumba aghalabu humwendea mtoto aliyebaki kumtunza mzazi, mara nyingi kitinda mimba. Kwa Mbah, huyo ni binti yake wa mwisho, ambaye hulala chumba cha pili na kuamka kabla ya adhana.

Hata nyumba na kiwanja chake si lazima viwe kitu kimoja. Nyumba za kale za mti wa msaji zimeunganishwa kwa ndimi na matundu, kiasi kwamba zinaweza kufunguliwa nguzo kwa nguzo, zikauzwa na kuhamishwa, huku ardhi ikibaki kwa mwenyewe. Nyumba kadhaa za namna hiyo zimeishia kuwa kumbi za hoteli. Tena yapo majaruba ya kijiji ambayo hupewa mkuu wa kijiji na wasaidizi wake kama ujira muda wote wawapo madarakani, na wakitoka, mashamba hurudi kijijini. Sisi tuliozoea kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwamba mwanakijiji hupata hatimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, tunaweza kudhani kwamba huku kwenye umiliki kamili mambo ni mepesi. Si mepesi hata kidogo.

Utulivu wa kijiji hiki huwapendeza wageni, na mimi pia ulinipendeza, lakini una historia inayotisha. Sheria za ardhi za 1960 ziliweka ukomo wa hekta 5 za mashamba ya mpunga katika maeneo yenye watu wengi mno, na ziada ilitakiwa kugawiwa wasio na ardhi. Ugawaji ulipochelewa, wakulima walioungwa mkono na chama cha kikomunisti walianza kuyatwaa mashamba wenyewe, na Klaten ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako jambo hilo lilipamba moto mwaka 1964. Mwaka uliofuata yalianza mauaji ya walioshukiwa kuwa wakomunisti, yaliyoangamiza mamia ya maelfu ya watu nchini kote. Wazee wa hapa hawaisemi habari hiyo, nami sijamwuliza Mbah wala sitamwuliza, ila ninaposikia watu wakisifu jinsi wanakijiji wasivyogombania mipaka, nakumbuka kwamba wapo waliowahi kudai ardhi kwa sauti.

Hivi sasa serikali inaandikisha viwanja vyote vya nchi, kazi iliyoanza kwa nguvu mwaka 2017, na nguzo ndogo za saruji zimesimikwa pembeni mwa majaruba. Kwa Mbah hati ni kinga ya kweli, kwa sababu zamani alikuwa na dondoo tu ya daftari la kijiji na risiti za kodi. Lakini barabara kuu ya kulipia kutoka Solo kwenda Yogyakarta, ambayo ujenzi wake ulianza 2021 na kipande cha kufika Klaten kikafunguliwa 2024, ilipita katikati ya mashamba ya wilaya hii, na fidia ya ardhi ilimwendea mwenye jina. Mlimaji wa nusu hakuwa na ardhi ya kulipwa. Yule mama wa nusu ndoo, na mzee wa mundu, hawakuwa popote katika makaratasi. Mashine kubwa za kuvuna zinazopura papo hapo nazo zimeanza kuonekana, na palipopita mashine hiyo hakuna wavunaji wa kugawiwa bawon.

Mtoto mkubwa wa Mbah, anayefanya kazi kiwandani Bekasi, mji ulio karibu na Jakarta, anataka shamba liuzwe mama akishafariki, na simlaumu, kwani sehemu ya tano ya hekta ikigawanywa kwa ndugu wanne haimlishi hata mmoja wao. Binti hataki. Nilipomwuliza Mbah, alinijibu, akiniita Le kama aitwavyo mtoto wa kiume hapa, "Le, mimi nitawaachia udongo, kuhusu huyo anayelima, wao wenyewe wanamjua."

Mimi naona kujua hakutoshi. Sheria Na. 2 ya 1960 inataka mapatano ya kulima kwa mafungu yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji, na kwa shamba la mpunga yadumu angalau miaka 3. Jana jioni nilimweleza msaidizi mmoja wa ofisi ya kijiji kwamba ingefaa mapatano ya Mbah na jirani yake yaandikwe sasa, wakati hati ni mpya na kila mtu yu hai. Alisema kwamba kumwomba mwenye shamba aweke sahihi ni kama kumwambia humwamini, na mlimaji atajiona amevunja adabu. Nilimjibu kwamba wakaribishwe wote wawili siku moja, Mbah na jirani, na ofisi ndiyo iombe, ili asiwepo wa kuona haya. Amesema atalifikisha kwenye mkutano ujao.