Ukuta uliopinda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa kwenye Mathayo 7:24, yule mtu mwenye akili aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba. Tangu Shule ya Jumapili nausikia mstari huu ukihubiriwa, na kila mara tunakimbilia mvua na mafuriko. Tabu ya ujenzi wenyewe haisimuliwi. Aliyewahi kukuta mwamba kwenye kiwanja chake anaijua: unawasha moto juu yake, unamwagia maji ya baridi upasuke, unagonga nyundo kutwa nzima, jioni umepata karai mbili za kokoto.

Huko Ufaransa, Le Puy-en-Velay, kuna kanisa dogo la Malaika Mkuu Mikaeli, Saint-Michel d'Aiguilhe. Lilijengwa karne ya 10, enzi za Askofu Godescalc, baada ya yeye kwenda kuhiji Santiago de Compostela, huko Hispania, mwaka 950. Limekaa kwenye kilele cha jabali lililochongoka kama sindano, zaidi ya mita 80 kwenda juu. Jabali lenyewe ni kiini cha volkano ya kale. Mawe laini yaliyolizunguka yalishaliwa na maji, lenyewe likabaki. Unapanda ngazi 268 zilizochongwa ubavuni mwake.

Kilichonishika si urefu huo. Ukiingia ndani huoni chumba cha pembe nne. Ukuta unapinda pale jabali linapopinda, na nguzo zake fupi zinaufuata mpindo huohuo. Hata lilipopanuliwa karne ya 12, nafasi ilipatikana pale tu jabali liliporuhusu. Ramani ndiyo iliyoufuata mwamba.

Mimi huomba kinyume. Napiga magoti ramani ikiwa mkononi, vyumba nimeshavihesabu, namwomba Bwana anisawazishie kiwanja tu. Asiposawazisha, nasema adui amenizuia. (Shetani tunamsingizia mengi.)

Na mwamba wenyewe Yesu aliutaja: “hayo maneno yangu”, yaani yote aliyokuwa ametoka kuyasema mlimani. Nikarudi nyuma sura mbili, nikakutana na 5:24: “upatane kwanza na ndugu yako.” Kuna ndugu ninayemwombea mwaka wa tatu sasa, Mungu ambadilishe ili aje aniombe radhi. Hiyo ndiyo ramani yangu.

Namba yake sijaifuta. Jioni, baada ya ibada, nitampigia.